Fundi Sauti Anakujibu: Mikisa ya bei ndogo kwa ukumbi wa watu mia

SWALI: Habari za kazi mwanangu. Nina ukumbi mdogo huku Majengo, Moshi, unabeba watu kama mia hivi. Tunafanya sendofu, kipaimara, vikao vya kamati za harusi na mara mojamoja semina. Mpaka sasa nakodi vyombo na kila shughuli hela inaondoka, nikaona bora niwe na vyangu. Spika mbili zenye amplifaya ndani tayari ninazo, kilichobaki ni mikisa, kile chombo cha kuchanganya sauti za maiki na muziki. Dukani wananionyesha za chaneli 8, 12 mpaka 16, moja ina taa nyingi na sehemu ya flashi na Bluetooth na ndo rahisi kuliko zote, nyingine ni Behringer, nyingine Yamaha, bei zimepishana sana. Kijana wa dukani anasema nichukue ya 12 nitakuwa nimemaliza. Sitaki ya ghali ila sitaki ya kuniaibisha katikati ya shughuli ya watu. Nichukue ipi? (Mama mwenye ukumbi, Moshi)

JIBU: Shikamoo mama. Nimefurahi umeuliza kabla hujatoa hela maana barua nyingi zinanifikia mtu akiwa ameshanunua na duka halirudishi.

Kwanza chukua daftari uandike kila kitu kitakachotoa sauti kwa wakati mmoja, na usiandike siku ya kikao cha kamati watu kumi na tano, andika ile sendofu ya Desemba watu wa Dar wamerudi nyumbani na ukumbi umejaa mpaka mlangoni. Kwa ulivyoeleza naona hivi: maiki ya MC, maiki ya pili ya kuzungushwa kwa wazazi na wajomba wanaotoa nasaha, maiki ya tatu ya waya pale meza kuu kwa mchungaji au padri, kinanda cha mwimbaji, na laptop ya dijei. Na akija mwimbaji wa kuimba kweli anataka maiki yake, hiyo ya nne. Kwa hiyo una maiki nne, kinanda na laptop, na hivi viwili vya mwisho kila kimoja kinakula matundu mawili, la kushoto na la kulia.

Sasa hapo ndo watu wengi wanapigwa. Ile namba iliyoandikwa kwenye boksi SIO idadi ya maiki. Mikisa ikiitwa 12 haina maana utachomeka maiki 12, wanahesabu kila tundu la sauti inayoingia, na chaneli ya stereo moja inahesabiwa mbili. Mfano Yamaha MG10XU, jina lina kumi lakini sehemu za maiki ni nne tu. MG12XU inaitwa kumi na mbili, maiki ni sita. Behringer X1204USB nayo jina linaanza na kumi na mbili, maiki nne. Na ndogo kabisa ya Behringer Xenyx 802 ina maiki mbili, ukiinunua kwa kuamini ni chaneli nane utakuja kumkabidhi MC maiki moja, baba wa binti maiki moja, na mchungaji anasubiri zamu. Kwa hiyo dukani usiulize chaneli ngapi, geuza mikisa uhesabu mwenyewe yale matundu ya duara yenye vitobo vitatu, hayo ndo XLR na hayo ndo maiki. Mengine yanakuwa ya mchanganyiko, katikati yana nafasi ya jeki nene, nayo hesabu.

Kuna kitu kinaweza kukuokolea tundu: zile maiki za wayalesi za bei ya kawaida zinazokuja mbili kwenye boksi moja, risiva yake nyuma mara nyingi ina tundu la jeki linalotoa maiki zote mbili zikiwa zimeshachanganywa. Ukitumia hilo maiki mbili zinaingia chaneli moja. Ila mama sikushauri, kwa sababu MC anaongea kwa nguvu karibu na mdomo na mzee wa nasaha anashika maiki kifuani, ukiongeza sauti ya mzee ya MC nayo inapanda na spika zinaanza kupiga mluzi. Kama risiva ina XLR mbili zitumie zote mbili, kila maiki na chaneli yake.

Jambo la pili ambalo mimi naliona kubwa kuliko hata jina la kampuni ni AUX. Angalia kwenye mstari wa kila chaneli, kuna nobu zimeandikwa AUX, au AUX moja na FX moja (FX ni ya eko). Hii ndo njia ya kutoa sauti tofauti kwenda mahali pengine mbali na spika kubwa. Leo una spika mbili za mbele tu, lakini nakuhakikishia mwimbaji wa kwanza atakayekuja hapo ataomba monita, yaani spika ndogo inayomwelekea yeye ajisikie, na bila AUX huwezi kumpa kile anachotaka, utampa mchanganyiko uleule wa ukumbini na yeye anataka sauti yake na kinanda tu. Na hiyo AUX lazima iwe na kitufe cha PRE. Ikiwa kwenye PRE ina maana ukishusha fada ya ukumbini, kile kidude cha kusukuma juu na chini kuongeza au kupunguza sauti, monita haishuki. Ikiwa haina PRE basi kila ukigusa fada kurekebisha ukumbi na kule jukwaani kunabadilika, mwimbaji anakukodolea macho, unapandisha, mluzi, unashusha, anakukodolea tena, na mpaka wimbo wa pili uishe kila mtu kachoka. Yenye AUX moja tu ambayo pia ndo inaendesha eko itakulazimisha kuchagua eko au monita. MG10XU ndo iko hivo, inakupa njia moja. X1204USB ina mbili, na moja kati ya hizo inabadilishwa kuwa PRE. MG12XU nayo ina mbili.

Kwa hiyo kwa orodha yako ya maiki nne, kinanda na laptop, mimi ningechukua kitu cha daraja la X1204USB: maiki nne, chaneli za stereo za kutosha, AUX mbili, eko ndani, na ina fada za kusukuma sio nobu za kuzungusha. Hizo fada sio urembo. Mzee akikohoa kwenye maiki au mtoto akiidaka anapiga kelele, fada unaishusha kwa kidole mara moja, lakini nobu mpaka uitafute kati ya wenzake thelathini wanaofanana gizani ukumbi umeshaziba masikio. MG10XU ni chombo kizuri sana na sauti yake ni safi, ila chaneli zake ni za nobu na monita ndo hivo nimeshasema, mimi naiona zaidi ni ya mtu mwenye gitaa na maiki mbili au wa kurekodi chumbani. Kama mfuko unaruhusu na umeona ukumbi unakua, MG12XU ndo ya kukaa nayo miaka, unapata maiki sita na fada na huna haja ya kuuza kununua nyingine. Bei sikuandikii hapa kwa sababu zinapanda na kushuka na dola, na Moshi, Arusha na Kariakoo kila mahali wana yao, ulizia maduka mawili matatu kabla hujatoa hela na uangalie nauli ya basi na hatari ya mzigo kugongwa njiani kabla hujasema Kariakoo ni rahisi.

Ile ya taa nyingi na flashi. Mama naielewa inavyovutia, na kwa kikao au semina ya maiki moja na wimbo wa kusubiria watu inafanya kazi. Tatizo nyingi za namna hiyo hazina jina wala mtu wa kumrudia ikifa, spea hakuna, na nyingi ukipandisha gaini kidogo, ile nobu ya kuongeza nguvu ya sauti inayoingia, unasikia mvumo wa shhhh nyuma ya sauti ambao ukumbi ukiwa kimya kwenye sala unasikika mpaka nje. Na kuwa makini na zile zilizobandikwa jina kubwa. MG10XU halisi haina pa kuchomeka flashi wala haina Bluetooth, tundu lake la USB ni lile la mraba la kwenda kwenye kompyuta, kwa hiyo ukiona imeandikwa Yamaha MG10XU afu ina kioo kinachoonyesha namba ya wimbo wa MP3, jua sio. Hata kwenye hizo halisi usitegemee USB ya kucheza nyimbo za flashi, inataka laptop. Shida ya Bluetooth unaimaliza kwa kuchomeka simu ya dijei kwa waya kwenye chaneli ya stereo, sauti inakuwa safi zaidi na haikatiki mtu akipiga simu, ili mradi aiweke kwenye hali ya ndege.

Na wakikuletea pawa mikisa, ile yenye amplifaya ndani, kataa. Sio mbaya, watu wanazitumia makanisani na zinafaa, lakini zinafaa kwa spika za kawaida zisizo na umeme. Wewe spika zako zina amplifaya ndani. Mtu asiyejua akichukua waya wa kutokea spika kwenye pawa mikisa akauchomeka kwenye spika yako anaweza kuiua hapohapo, maana ile ni nguvu ya kuendesha spika na pale panatakiwa sauti ndogo ya laini tu.

Hela usiimalize kwenye mikisa. Weka pembeni ya nyaya za XLR zenye urefu wa kutosha kutoka meza ya fundi mpaka spika zote mbili, maana nyaya ndefu za jeki ya kawaida zinadaka mvumo wa umeme na XLR ndo imetengenezwa kuukataa. Weka ya maiki moja nzuri ya waya. Weka ya stebilaiza ya umeme. Mikisa ya bei ya kati na nyaya nzuri itakupa sauti nzuri kuliko mikisa ya mamilioni na nyaya za kuungaunga kwa selotepu, hilo nimeliona kwenye kumbi kubwa na majina yao siyataji.

Siku ya kununua nenda na maiki yako na hedifoni. Waambie wawashe. Chomeka maiki chaneli ya kwanza, vaa hedifoni, zungusha gaini taratibu toka chini mpaka robo tatu ukiwa huongei, sikiliza mvumo. Ukipanda polepole ni kawaida, ukiruka ghafla au ukilia krrr krrr hiyo nobu ina shida. Afu ongea na usukume fada juu na chini, isikwaruze, isikate. Tikisa plagi ya maiki kwenye tundu, sauti isiyumbe. Rudia chaneli zote, na usimwonee aibu muuzaji anayekuangalia saa, hela ni yako. Angalia umeme wake pia, baadhi ya mikisa ndogo zinatumia adapta ya kipekee ambayo ya laptop au ya redio haiwezi kuingia, ikipotea mikisa inalala, kwa hiyo ile ambayo umeme unaingia kwa waya wa kawaida kama wa kompyuta ni heri zaidi kwa ukumbi unaotumiwa na watu wengi. Chukua risiti ya EFD na waranti iandikwe, sio ya mdomo.

Ikifika ukumbini, kijana wako afanye hivi kabla wageni hawajaja. Fada zote chini, nobu za besi, kati na twita zote katikati. Maiki zote abonyeze kile kitufe cha kukata besi, kwenye nyingi kinakata chini ya 80 Hz, hapo ndo kunakaa mshindo wa kushika maiki, upepo na mtetemo wa jukwaa, hakuna maneno ya mtu huko. MC aongee kama atakavyoongea akiwa amepagawa, aseme makofi tafadhali kwa sauti yake yote, sio ile ya aibu ya "testi moja mbili". Kijana abonyeze PFL au SOLO ya chaneli hiyo (kitufe cha kusikiliza na kupima chaneli moja peke yake) na apandishe gaini mpaka taa zicheze kwenye sifuri, zipite kidogo akipaza, na ile nyekundu ya CLIP isiwake kabisa. Ikiwaka arudishe. Hapo gaini haiguswi tena usiku mzima. Afu fada ya chaneli iende kwenye alama ya sifuri, na fada kuu ndo ipandishwe taratibu mpaka ukumbi utosheke. Mafundi wengi wa kudandia wanafanya kinyume, gaini chini, fada zote juu kabisa, wanapata mvumo na hawajui unatoka wapi.

Mluzi ukianza usikimbilie kushusha kila kitu. Angalia kwanza nani kasimama mbele ya spika na maiki. Spika ziwe mbele ya MC, zimtazame mgeni, na ziinuliwe juu ya vichwa vya waliokaa. Ukumbi wako kama una vigae chini na vioo pembeni sauti inagonga na kurudi, na siku mpambaji akitundika vitambaa ukutani utashangaa ukumbi umetulia, vile vitambaa vinanyonya sauti, kwa hiyo hata siku ya semina usivikunje vyote.

La mwisho kwako mama, umeme. Kuwasha ni mikisa kwanza, spika mwisho. Kuzima ni spika kwanza, mikisa mwisho. Na umeme ukikatika ghafla mtu akimbilie kuzima swichi za spika, kwa sababu ukirudi kila kitu kinawaka pamoja na ule mshindo wa dhuu ndo unaokula spika.

SWALI: Mambo vipi bro. Nina sehemu ya nyama choma Sakina, Arusha, Ijumaa tunaweka live band ya watu wanne, waimbaji wawili, gitaa la kawaida, besi, kinanda na kangoma ka kukalia. Kuna jamaa anauza Behringer XR12 yuzdi, ile ya kuendesha kwa tableti, kwa hela ambayo ningenunua analogi mpya, ile ya kawaida ya nobu na fada. Nimvamie au nimwache? (Mdau wa Sakina)

JIBU: Poa kaka. Kwanza hesabu ileile niliyompa mama hapo juu. XR12 ina sehemu nne tu za maiki, zilizobaki nane ni za laini, yaani za kinanda, laptop na vyombo vya namna hiyo. Waimbaji wawili, maiki ya kangoma, imebaki moja. Gitaa na besi zikiwa na umeme wake ndani zinaweza kuingia kwenye laini, kinanda kinaingia laini bila shida. Kwa hiyo bendi yako inaenea, ila imeenea hasa, hakuna nafasi ya mgeni wa kupanda kuimba bila kumnyang'anya mtu maiki. Kama bendi inaongezeka watu basi hiyo sio saizi yako.

Faida yake ni kubwa lakini. Kila chaneli unapata ekwalaiza ya kuchagua mlio unaokusumbua na kuukata huohuo bila kuharibu sauti nzima, unapata kompresa ya kubana sauti inayoruka ghafla, unapata njia mbili za monita, na mpangilio wa Ijumaa hii unauhifadhi, Ijumaa ijayo unaufungua unaanzia hapo. Unaweza kukaa meza ya nyuma kabisa na tableti ukasikia anachosikia mteja, kitu ambacho fundi wa analogi aliyejibanza pembeni ya jukwaa hawezi. Na ile limita ya kuziba sauti isipite kiwango ni ulinzi wako, maana majirani wakilalamika na NEMC, wale wa baraza la mazingira, wakaja, hutaki kubishana nao huku mwimbaji kaachia pafu lote.

Sasa upande wa pili. Umeme ukikatika, analogi ikirudishiwa umeme inaongea palepale, dijitali inawaka kama kompyuta na tableti inatafuta tena mtandao, wateja wanakuangalia. Kwa hiyo XR12 bila UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) yake yenyewe usinunue, hilo silegezi. Wi-Fi yake ya ndani kwenye baa iliyojaa simu za watu inaweza kusuasua, chukua ruta ndogo uiunge kwa waya kwenye tundu la LAN na ruta ukaiweke juu, palipo wazi. Na nani ataiendesha? Kama ni wewe mwenyewe na unapenda kujifunza, vamia. Kama unategemea kijana yeyote wa zamu ambaye leo yupo kesho hayupo, chukua analogi, kila kitu kinaonekana kwa macho na mtu mpya anaelewa jioni hiyohiyo.

Ukienda kuikagua mwambie jamaa aache iwake angalau saa nzima kabla hujalipa, vyombo vingine vinafanya vizuri vikiwa baridi tu. Jaribu matundu yote kumi na mawili, njia zote za kutokea, na washa zile 48V, umeme mdogo ambao mikisa inaupeleka kwenye maiki za kondensa, uone kama maiki inayohitaji inaamka. Iunganishe na tableti YAKO sio yake, uone inashika. Angalia skrubu za chini kama zimechubuka, hiyo imeshafunguliwa, uliza kwa nini. Na muuzaji naye awe anajulikana, vyombo vya muziki vinaibwa sana kwenye makanisa na kumbi, andikishianeni na muwe na shahidi.

SWALI: Fundi, mimi ni mwalimu wa kwaya Machame. Tumenunua mikisa mpya, tukichomeka laptop ya kuchezea midundo kunatokea mvumo mkubwa. Kijana mmoja akakata kile kipini kirefu cha plagi, mvumo ukapungua, lakini sasa waimbaji wanasema maiki inawapiga shoti midomoni. Mikisa ni mbovu? (Mwalimu wa kwaya)

JIBU: Shikamoo mwalimu, tafadhali acheni kutumia hiyo plagi leo hii, kabla ya zoezi la jioni. Mikisa sio mbovu. Kipini kirefu ni cha ethi, kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme unaovuja ili usipitie kwa mtu. Mlipokikata, umeme wa kwenye bodi ya mikisa ukakosa pa kwenda na sasa unapita kwenye kikapu cha chuma cha maiki kuingia kwa anayeimba, na akiwa peku au sakafu ina unyevu ni hatari ya kufa, sio mzaha. Wekeni plagi nzima, na muite fundi umeme apime kama ethi ya jengo lenyewe ipo, kwa sababu inawezekana kabisa soketi ina matundu matatu lakini waya wa ethi haukuwahi kufika ardhini.

Mvumo wenyewe ni mambo ya vyombo viwili kuwa na njia mbili tofauti za ethi, umeme wetu ni wa 50 Hz na ndo ule mvumo wa besi unaousikia. Jaribuni kuchomoa chaja ya laptop, iende kwa betri. Ukiisha mvumo mmeshajua adui. Dawa ya kudumu ni DI boksi kati ya laptop na mikisa, ile yenye transfoma ndani na swichi ndogo imeandikwa LIFT, hiyo inakata njia ya mvumo kwenye waya wa sauti na ethi ya umeme inabaki salama ilivyo. Pia mikisa, laptop na spika vyote vipate umeme kwenye soketi moja kwa ekstensheni nzuri, msichukue mikisa soketi ya madhabahuni na spika soketi ya mlangoni. Na nyaya za sauti zisilale sambamba na nyaya za umeme, zikilazimika kukutana zipishane kama msalaba.

Umeuliza pia kwenye ujumbe wa pili kama ile 48V inaunguza maiki. Maiki ya kawaida ya kuimbia iliyochomekwa kwa waya mzima wa XLR haiipati shida yoyote. Ila kwenye mikisa nyingi za bei ndogo kitufe ni kimoja kwa chaneli zote, kwa hiyo kama kwenye XLR nyingine mmeunga kinanda au risiva kwa waya wa kuchongesha nyumbani, iacheni imezimwa. Washeni tu kama mna zile maiki za kwaya za kondensa, na fada kuu iwe chini wakati wa kubonyeza.

SWALI: Kaka, mikisa yetu ya ukumbini Njiro ina miaka michache tu lakini kila nikisukuma fada inakwaruza kwenye spika. Niuze? (Dada wa Njiro)

JIBU: Usiuze dada yangu, hilo ni vumbi. Kipindi cha kiangazi vumbi la Arusha ni jepesi kama unga na linaingia kwenye upenyo wa fada mpaka chini kwenye njia yake ya mguso. Zima, chomoa umeme, puliza kwa brashi laini na pampu ya hewa, afu tafuta dawa ya kusafishia mguso wa umeme kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki, na uwaambie ni ya fada. Usikubali WD-40 ya kawaida ya gereji, inaacha mafuta na mafuta yanakamata vumbi zaidi. Kidogo sana kwenye upenyo, sukuma fada juu chini mara nyingi, iache ikauke kabisa kabla hujawasha. Ikiendelea kukwaruza fada hiyo imelika, fundi anaibadilisha moja bila kugusa nyingine. Afu shona kifuniko cha kitambaa kizito, usitumie nailoni inayobana unyevu, na mwambie anayefagia afunike kwanza ndo afagie.